Wajakazi Kumi na Wawili: Nani Aliyepotosha?

Wako walimu wenzetu wasemao kwamba wanawake wazisimuliao upya hekaya za Wayunani wa kale wanazipotosha. Homer alikwisha sema, wao husema, na yatosha. Hoja hiyo hatuikubali hata kidogo.

Wayunani wenyewe hawakuziacha hekaya zao zigande. Mwaka 415 kabla ya Kristo, Euripides aliwaleta jukwaani wanawake mateka wa Troy, wakaomboleza mbele ya watu. Na mwaka 412 akaonyesha kwamba Helen hakufika Troy kamwe. Basi Margaret Atwood, alipowapa sauti Penelope na wajakazi wake kumi na wawili katika The Penelopiad mwaka 2005, hakuzua desturi mpya.

Na tuurudie utenzi wenyewe. Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, Odysseus awashutumu waposaji wa mkewe kwamba waliwalaza wajakazi wake kwa nguvu. Katika kitabu hicho hicho, wajakazi kumi na wawili wa nyumba ile walazimishwa kubeba maiti za waposaji na kuosha damu, kisha Telemachus awatia kitanzini kwa kosa la kulala na watu hao. Tendo lililoitwa nguvu lilipomshtaki mwanamume, laitwa uasherati limshtakipo mtumwa! Ushahidi huu haukuletwa na waandishi wa leo. Umo katika maandishi ya kale.

Tazameni pia tafsiri. Telemachus atoapo hukumu, Kiyunani chawataja wanawake hao kwa neno dogo tu, mfano wa "wale" yetu, lenye alama ya kike. Baadhi ya watafsiri wa Kiingereza walitia matusi mahali hapo, wakawaita malaya. Emily Wilson, katika tafsiri yake ya mwaka 2017, aliliepuka tusi hilo. Akipenda chongo huita kengeza: ampendaye shujaa huuita unyongaji adhabu. Nani basi aliyepotosha?

Sisi wa Kiswahili tunalo neno lifaalo: mjakazi, yaani mtumwa wa kike. Aandikaye "watumishi" ameufuta utumwa. Aandikaye "malaya" ameongeza hukumu isiyokuwamo.

Hatusemi kwamba kila usimulizi mpya ni mwema. Ule umpao malkia upanga na kumwacha mjakazi jikoni bila jina umebadilisha mavazi tu. Lakini dawa yake si kunyamaza.

Walimu, wapeni wanafunzi tukio lile, walisimulie kwa kauli ya mmoja wa wale kumi na wawili. Kisha waulizeni: kila neno mlilolichagua limemtetea nani, na limemnyonga nani? Somo la fasihi lisilothubutu kuuliza hayo ni somo la kukariri majina.