BANGILI YA MAPIGO ITENGENEZWE HAPA

Mzee amesimama mlangoni mwa nyumba yake, nyayo zimenata sakafuni kama zilizopigiliwa misumari. Akili yake timamu, njia anaiona, lakini hatua haitoki. Jamaa humhimiza, jirani hunong'ona uchawi. Huo ndio ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari wa Kiingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, na ambao wengi wetu bado tunauhesabu kuwa ni uzee tu.

Si ugonjwa wa wageni. Uchunguzi wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, na walio wengi hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari yeyote.

Dawa ya levodopa ndiyo tegemeo, na hospitali zetu hazina budi kuwa nayo daima. Lakini mwendo husaidiwa pia na mpigo: mgonjwa akisikia au akihisi mapigo yanayokwenda sawasawa, hatua huyafuata. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya jaribio la Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi, ambamo wagonjwa 153 walifundishwa majumbani mwao kwa wiki 3, baadhi kwa mlio wa sikioni, wengine kwa bangili inayotikisika mkononi. Mwendo ulitengenea. Mafunzo yalipokwisha, faida ilififia. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji chombo chake mwenyewe, si cha kuazimwa, na hapo ndipo bei inapokuwa jambo kubwa.

Na chombo chenyewe ni nini? Ni mota ndogo kama ile inayotikisa simu, betri, na kidude cha kupangia mwendo wa mapigo kulingana na hatua za mvaaji. Mafundi wa simu wa Darajani huvishika vitu hivyo kila siku. Tunaiomba Wizara ya Afya iwakutanishe mafundi hao na walimu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, madaktari, na wagonjwa wenyewe, ili itoke bangili isiyozidi bei ya simu ndogo ya tochi. Haitaponya, wala asidanganywe mtu kuacha dawa. Isipenye maji, maana mvaaji atatia udhu mara tano kwa siku. Na kifungo chake kifungike kwa mkono unaotetemeka.

Majaribio nayo yasiishie mjini. Yafike Wete na Mkoani, ambako ngazi nyembamba ya kupandia boti ni mahali hasa pa miguu kunata.