Wachukuzi wa Ndani ya Neva na Hatari ya Jino la Mbwa

Mtoto ajikwaapo kidole cha mguu njiani kwenda shule, maumivu huyasikia papo hapo. Habari imepanda kutoka kidoleni hata ubongoni kwa kasi kubwa, kama ya simu. Lakini ndani ya neva hiyo hiyo mna safari nyingine, ya polepole zaidi, isiyotajwa sana: safari ya mizigo. Juma hili twataka kuieleza, maana uzima wa neva watokana nayo, tena imo hatari moja ambayo kila nyumba ya Butembo na Beni yafaa iijue.

Kila chembe ya neva ina kiwiliwili, na kutoka humo hutokea uzi mwembamba uitwao aksoni. Chembe ziamrishazo misuli ya mguu zina viwiliwili vyao ndani ya uti wa mgongo. Nyuzi zake huteremka mpaka mguuni, na kwa mtu mzima uzi mmoja waweza kufikia karibu mita moja. Vitu vingi vinavyohitajiwa na uzi huo hutengenezwa katika kiwiliwili, kisha havina budi kusafirishwa. Ndivyo ilivyo kwa mboga za milima ya Lubero ziuzwazo Beni: njia ikifungwa, soko hukauka, ingawa shamba limejaa.

Mwaka 1948, huko Chicago, wataalamu Paul Weiss na Helen Hiscoe waliibana neva, wakaona vitu vya ndani vinalundikana upande wa kiwiliwili, kama maji yaliyozuiwa na ukingo. Wakajua kwamba mna mwendo ndani yake. Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, wakichunguza neva nene ya ngisi, mnyama wa baharini, walimpata mchukuzi mwenyewe. Ni protini, nao waliiita kinesini.

Aliyewatazama vijana wetu wakiendesha chukudu zilizojaa magunia ataelewa kazi yake. Ndani ya aksoni mna vijibomba vyembamba sana, navyo ndivyo barabara. Kinesini ina kama miguu miwili, nayo hukanyaga juu ya kijibomba hatua kwa hatua, huku imebeba mzigo wake. Hatua moja ni sehemu 8 tu za milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Basi, ili kupita milimita moja, hatua 125,000 zahitajiwa. Hata hivyo mizigo ya haraka huweza kwenda kiasi cha milimita 400 kwa siku. Mingine hujikokota milimita chache tu.

Je, mchukuzi ajuaje pa kwenda? Kila kijibomba kina ncha mbili zisizofanana, na ndani ya aksoni vyote vimelazwa vikielekea upande mmoja. Kinesini, kwa kawaida, hufuata ncha iliyo mbali, ikipeleka vitu vipya. Mchukuzi wa pili, aitwaye dineini, hufuata ncha ya nyuma: hurudisha vitu vilivyochakaa pamoja na habari za mwisho wa njia. Juu ya kila mzigo mna protini nyingine zilizo kama alama, ili ushikwe na mchukuzi aufaaye. Basi chembe haina haja ya kumwongoza kila mchukuzi kwa mkono; njia yenyewe humwelekeza.

Sasa tuje kwenye hatari. Mchukuzi arudiye hamtambui mwizi. Mbwa mwenye kichaa amwumapo mtu, virusi vya ugonjwa huo vilivyo katika mate huingia kidondani. Virusi hivyo havina miguu. Huweza kukaa nyamani kwa siku kadhaa au kwa majuma, kisha huingia katika ncha ya neva, na hapo dineini huvibeba kuelekea utini na ubongoni, kana kwamba ni mzigo wa halali. Sumu ya pepopunda nayo hupita njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo dalili za kichaa cha mbwa mara nyingi hutokea baada ya miezi 2 au 3, wakati kidonda kimekwisha kupona na watu wamesahau. Aliyeumwa usoni huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa njia yake ni fupi.

Virusi vikiisha kuingia ndani ya neva, kinga ya mwili huvifikia kwa shida. Navyo vikifika ubongoni, mgonjwa akaanza kuogopa maji, karibu wote hufa. Basi nafasi yetu ni ile iliyo kati ya jino la mbwa na mlango wa neva. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Chanjo ya leo ni bora kuliko ile, lakini yapasa iwahi.

Kwa hiyo: osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Siku hiyo hiyo nendeni hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, mkamalize sindano zote mlizoagizwa. Jiwe jeusi na majani havitoshi kuzuia safari hiyo. Mbwa nao wachanjwe: katika mji, wakichanjwa 70 kwa kila 100, ugonjwa hukosa njia.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na wapata wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ninyi wanafunzi, mbwa akiwauma au akiwakwaruza, semeni nyumbani siku hiyo hiyo, hata kama ninyi ndinyi mliomchokoza. Nanyi wazazi, msimpige mtoto aletaye habari hiyo. Apigwaye leo, kesho ataficha kidonda, na wachukuzi wa ndani hawatamngojea mpaka aseme.