Kesi Haijasikilizwa, Ninyi Mmeshahukumu

Msimu wa kahawa ukifika, hapa Mbozi Mission hukumu hutoka mapema kuliko malipo. Juzi kwenye kibanda cha chai kijana wa bodaboda alikuja na picha ya hati ya madai kwenye simu: mnunuzi mmoja wa kahawa kashtakiwa. Simu ikazunguka mezani, maandazi yakapoa. Kikombe cha pili hakijamiminwa, mnunuzi keshakuwa mwizi. "Lisemwalo lipo," akasema mzee mmoja, na meza nzima ikaitikia kwa vichwa kama iko ibadani.

Methali hiyo naiheshimu mpaka inapofika mlangoni kwa karani wa mahakama. Hati ya madai ni maneno ya mdai. Kayalipia ada, yamegongwa muhuri na kupewa namba. Muhuri unasema yamepokelewa, hausemi ni kweli. Mdaiwa ana siku 21 za kujibu kwa maandishi. Sisi hatukumpa hata dakika 21. Na likitoka zuio la muda ndiyo balaa kabisa: mahakama imezuia tu mali isiguswe, kesi isije ikaisha na mali nayo imekwisha, lakini mtaani tunatangaza kwamba fulani kashinda.

Utaambiwa mahakama zinachelewa, kwa hiyo wananchi tuamue wenyewe. Haya, tukumbuke City Water. Mwaka 2005 Serikali ilivunja mkataba wa kampuni hiyo wa maji ya Dar es Salaam, wakuu wake wakaondolewa nchini. Wako walioona wazungu ni matapeli, wako walioona Serikali imefanya ubabe, na kila upande ulikuwa na uhakika wake. Julai 2008 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia, likaamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji, lakini Biwater, waliokuwa wabia wa kampuni ile, hawapati hata senti ya fidia, kwa kuwa uwekezaji wao ulikuwa hauna thamani tena. Kabla ya hapo, usuluhishi mwingine ulikuwa umeiamuru City Water iilipe DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Nani kati ya wenye uhakika aliyaona hayo yakija?

Wengine wananiambia natetea matajiri. Kungoja hukumu si kumkopesha mtu. Hata mimi huyu mnunuzi simpi gunia kwa ahadi. Aweke fedha mezani, ndipo apakie. Na mwenye risiti yake ya msimu uliopita ambayo haijalipwa asiinong'one kibandani, aipeleke Vwawa mahakamani ikawe ushahidi.

Siku ile nilimuuliza yule mzee, "Baba, ukurasa wa pili unasemaje?" Akamgeukia kijana. Kijana akaikuza picha kwa vidole, akaipunguza, akaikuza tena. Alikuwa na ule wa kwanza tu, na aya ya tatu imekatika katikati.