Mgeni Anapogeukia Mlangoni



Siku hizi vyama vingi vya wafanyakazi vina tovuti. Mchuma chai wa Kericho, mkata mkonge wa Tanga au mkata miwa wa Jinja akiwa na simu anaweza kusoma habari za mishahara, kujiunga na chama, au kupeleka malalamiko bila kupoteza siku ya kazi kwa safari ya ofisini. Hilo ni jambo jema. Lakini watu hufungua tovuti hizo, kisha wakaondoka kabla ya kumaliza shughuli iliyowaleta.

Wako viongozi wanaosema kuwa wafanyakazi hawapendi kusoma. Sisi hatukubali. Mtu aliyetumia vocha yake kufungua ukurasa wa chama amekwisha onyesha nia. Akigeukia mlangoni, na uchunguzwe mlango kabla ya kulaumiwa mgeni.

Jambo la kwanza ni kuhesabu. Majani ya chai hupimwa shambani na kupimwa tena kiwandani, ili ijulikane kama yamepungua njiani. Tovuti nayo ipimwe hatua kwa hatua. Tuseme watu 100 wamefungua ukurasa wa kwanza, 80 wakaifikia fomu ya kujiunga, 70 wakaanza kuijaza, na 15 tu wakaituma. Hapo kasoro kubwa imo ndani ya fomu, ambamo wamepotea watu 55. Kupaka rangi mpya ukurasa wa kwanza hakutawarudisha hao. Lakini hesabu hizo zisiwe upelelezi: zihesabiwe hatua, si majina ya watu.

Tena, si kila anayeondoka amepotea. Aliyekuja kutafuta nambari ya simu ya ofisi, akaipata na kwenda zake, huyo amehudumiwa.

Jambo la pili ni uzito wa ukurasa. Mwaka 2016 kampuni ya Google ilitangaza kwamba asilimia 53 ya wanaofungua kurasa kwa simu huziacha zikichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Maneno yote ya makala hii hayafiki kilobaiti 5. Picha moja ya megabaiti 4 ina uzito wa makala kama hii 800, na gharama yake hutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Picha za viongozi wakikata utepe na zipunguzwe ukubwa, au ziondolewe kabisa.

Jambo la tatu ni maswali. Fomu inayodai jina kamili, nambari ya kitambulisho na jina la mwajiri, bila kueleza nani ataisoma, humtia mtu hofu. Anaogopa karatasi hiyo isije ikafika mezani kwa meneja, naye akapoteza kibarua. Mwanzoni ziulizwe habari mbili tu: nambari ya simu na mahali pa kazi. Mengine atayauliza katibu wa tawi baadaye. Na iandikwe waziwazi, juu ya fomu, kwamba mwajiri hataonyeshwa.

Jambo la nne ni mpango wa habari. Anayetafuta kima cha chini cha mshahara akikuta kwanza hotuba ndefu ya mwenyekiti, ataondoka. Kima kiwekwe juu, kwa Kiswahili chepesi, na hotuba ifuate.

Dawa ya kujua kasoro si ghali. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watu 5 wakitumia tovuti kunatosha kufichua kasoro zake nyingi. Basi waitwe wafanyakazi 5 wa shambani au kiwandani, watumie simu zao wenyewe, waambiwe wajiunge na chama. Aliyeitengeneza tovuti akae kando, anyamaze, atazame wanapokwama.

Ndugu, fomu iliyoachwa katikati ni mwanachama aliyekosekana siku ya majadiliano. Malalamiko yasiyotumwa ni saa za ziada zilizobaki mfukoni mwa mwajiri. Kwa hiyo tunamwomba kila katibu wa tawi achukue simu yake leo, ajaribu kujiunga na chama chake kupitia tovuti kama mtu mgeni. Akichoka kabla ya kufika mwisho, atajua kwa nini wengine hawafiki.

Umoja ni nguvu, na mlango wa umoja uwe mwepesi kufunguka.