Vitabu vitoke kabatini

Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu. Jambo hili halihitaji mtaalamu wa kulieleza, lakini katika shule zetu nyingi za msingi tunatenda kana kwamba hatulijui. Vitabu vya hadithi hupokelewa, hugongwa mhuri wa shule, huandikwa katika daftari la mali, kisha hufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mkaguzi akija huvikuta vyote, tena vipya. Watoto walioletewa vitabu hivyo humaliza shule bila kuvigusa.

Hatuwalaumu walimu peke yao. Mwalimu anajua kwamba kitabu kikipotea ataulizwa yeye, na pengine atatakiwa akilipe. Kikikaa kabatini mpaka kikaliwa na mchwa, haulizwi mtu. Kwa utaratibu wa namna hiyo, kila mwenye kujihadhari atafunga kabati. Kwa hiyo linalotakiwa kubadilika ni utaratibu wenyewe. Mkaguzi asiridhike kuhesabu vitabu vilivyopo. Aulize ni vingapi vimeazimwa mwezi uliopita. Na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kifutwe katika daftari bila ya mtu kutozwa, kwa sababu kimekwisha fanya kazi yake.

Nchi yetu haikuanza jana kuujali usomaji. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na umri wa miaka miwili tu ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba, 1967, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Ni mwaka huo huo alipotoa Elimu ya Kujitegemea, akipinga elimu inayomtazama mtoto kwa kipimo cha mtihani tu. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo. Mtoto anayesoma kwa hiari yake, baada ya somo kwisha, ndiye anayejitegemea.

Wapo watakaosema kwamba shule yao haina chumba cha maktaba. Tunawajibu kwamba maktaba ni vitabu na wasomaji, chumba kitafuata. Sanduku moja la vitabu, mkeka chini ya mwembe, daftari la kuazimia, na kipindi kimoja kila juma, vyatosha kuanzia. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kabisa kuandika majina ya wanaoazima na kuwasomea wadogo zao.

Hapo ndipo sanaa inapoingia. Watoto wakisha kusomewa hadithi ya Sungura na Fisi, wapewe karatasi wachore. Kuchora kunamlazimisha mtoto kufikiri: Fisi alisimama wapi? Uso wake ulikuwaje alipogundua kwamba amedanganywa? Mwalimu akizitazama picha hizo atajua nani ameielewa hadithi na nani alikuwa akisinzia. Hata mtoto mzito wa kusoma hupata mahali pa kuonyesha akili yake. Picha hizo, kila moja na sentensi yake chini, zishonwe kwa uzi ziwe kitabu, nacho kitiwe katika sanduku lile lile. Hivyo shule itaongeza vitabu vyake kwa mikono ya watoto wake, na kila mtoto atataka kukiazima kile chenye jina lake.

Vifaa visiwe kisingizio. Mkaa, manjano, udongo mwekundu na majani yaliyopondwa hutoa rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na leo michoro inayoitwa kwa jina lake inajulikana duniani. Hakungojea vifaa kutoka ng'ambo.

Mtaala mpya wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 umeiweka sanaa, pamoja na michezo, miongoni mwa masomo ya shule za msingi. Hiyo ni hatua njema. Hofu yetu ni kwamba mitihani ikikaribia, kipindi hicho ndicho kitakachomegwa kwanza. Maofisa Elimu wasikubali. Kamati za shule nazo ziulize, katika kikao cha kwanza cha muhula, ufunguo wa kabati la vitabu uko kwa nani na lilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akija na kitabu cha shule, aachwe akisome kabla ya giza kuingia, hata kama ndoo bado haijajaa maji. Nyumba isitumie kitabu hicho kufunikia chungu.

Walimu ambao tayari wanavitoa vitabu vyao nje watuandikie katika ukurasa huu, waeleze wanavyofanya na vitabu vingapi vimepotea. Tunaamini hasara yao ni ndogo kuliko ya wale wanaovifungia.