Mtunga Muziki wa Sinema Naye ni Mfanyakazi

Kijana wetu wa Kaplong akiitwa Nairobi kutunga muziki wa sinema za fedha kidogo, kama zile za River Road, tumwambie: mkataba kwanza, gita baadaye. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yasema kazi iliyoagizwa huwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Basi asiyeandikiana ameuza wimbo wote. Ukitumiwa katika sinema ya pili, yeye hana dai. Na wimbo ukishatoka hukawia kurudi: nyimbo za Kipsigis alizozinasa Hugh Tracey hapo Kapkatet mwaka 1950, nakala zake zilirudishwa kwa wenyewe 2015. Sisi wa reli tunajua ahadi ya mdomo hailipi. Watungaji nao waungane, wadai kwa sauti moja.