KIDOLE CHA MGUU NACHO NI JAMBO LA CHAMA



Katika mkutano wa tawi uliopita mzee mmoja alisimama akaleta habari ya viatu vya kazi, na watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mwaka juzi nilikosa mshahara wa siku kumi na moja kwa ajili ya ukucha mmoja tu. Nataka kueleza kwa nini jambo hili lifaa kuingia katika mapatano yetu na waajiri, lisiachiwe kila mtu na wembe wake.

Ugonjwa wenyewe wengi wanaujua. Ukucha wa kidole gumba cha mguu unazama nyamani upande mmoja. Kwanza pale panakuwa pekundu na kuuma. Halafu panavimba na kutoa usaha. Ukizidi kuuacha, huota kinyama laini kinachotoka damu hata kikiguswa na soksi. Sababu zake zatokana na maisha yetu. Mtu wa Laini Saba au Gatwekera aendaye Industrial Area kwa miguu hutembea zaidi ya saa moja asubuhi na tena jioni, topeni wakati wa masika. Wa Kawangware safari yake ni ndefu zaidi, akikosa nauli. Kisha husimama kutwa ndani ya buti lililolowa. Buti likiwa jembamba mbele, linasukuma nyama juu ya ukucha. Jioni mtu akiona unamsumbua, anachukua wembe na kuchimba pembeni, mviringo, mpaka ndani. Hapo kosa ni letu wenyewe: kipande kinachobaki chini kinakuwa kama mwiba, na ukucha ukikua, mwiba unasonga mbele.

Kiwanda nilichofanya kazi sikitaji. Karani wa stoo alitoa buti za namba 8 kwa watu wote. Mimi navaa namba 10. Akaniambia, "Vaa tu ndugu, zitapanuka." Buti lenye chuma mbele litapanuka vipi? Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikichechemea. Nilinunua vidonge katika duka la dawa pale Makina mara tatu; usaha ulikauka, kisha ukarudi. Vidonge havitoi mwiba.

Mwisho nilikwenda hospitali ya serikali. Afisa wa kliniki alinipiga sindano ya ganzi pande zote mbili za shina la kidole, akakifunga kwa mpira kuzuia damu, akakata ukanda mwembamba wa ukucha toka ncha mpaka kwenye mzizi, akauvuta. Kisha akapaka dawa iitwayo fenoli penye mzizi ili ukanda ule usiote tena. Sikumaliza nusu saa mle ndani. Hakung'oa ukucha wote, na alinieleza sababu: ukucha uking'olewa wote bila mzizi wa pembeni kuuliwa, mara nyingi huota upya na ugonjwa ule ule. Ningalikwenda mapema, pengine hata kisu kisingalihitajika. Ukucha ukianza tu, loweka mguu katika maji ya vuguvugu dakika kumi na tano au ishirini, mara mbili tatu kwa siku, ukaushe vizuri, uweke pamba safi kidogo chini ya pembe ya ukucha, na uvae kiatu kipana. Kata kucha sawa kwa sawa, usizungushe pembe. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu hata siku moja. Kwake kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu.

Sasa habari ya haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wanaofanya kazi penye majimaji au vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga yanayofaa, na viatu vimetajwa humo. Neno ni "yanayofaa". Buti la namba 8 katika mguu wa namba 10 halifai, hata likiwa jipya. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 30, inampa mtu aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Mimi sikuleta cheti, kwa kuwa nilijitibu kwa vidonge vya dukani. Ujinga ule nilijilipia mwenyewe.

Wako wenzetu wasemao tupiganie mshahara kwanza, mambo ya kucha baadaye. Siwapingi kuhusu mshahara. Lakini siku kumi na moja zangu zilikuwa mshahara, na kibarua ambaye hakuandikwa huchelea kusema anaumwa, asije akaambiwa kesho asirudi.

Basi naiomba kamati, mapatano yatakapofunguliwa upya, idai maneno haya yaongezwe: kila mfanyakazi apimwe mguu kabla ya kupewa buti, buti zitolewe jozi mbili ili moja ikauke, na vibarua wahesabiwe. Karani wa tawi anaandika namba ya kiatu cha kila mwanachama katika daftari lake. Mpelekeni yenu kabla ya mkutano ujao.